Nyasi za Mtwara huhesabiwa kuanzia Agosti

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nimejenga Mangamba, hapa Mtwara, kwenye kiwanja kilichokuwa shamba la mikorosho. Mwaka jana mwezi wa pili mdogo wangu aliniletea viroba vya nyasi za kikuyu kutoka Njombe, tukapanda mbele ya nyumba, eneo la mita 20 kwa 20. Mvua ilipokuwepo zilishika vizuri mpaka majirani wakawa wanaomba mbegu. Mwezi wa nane zikawa njano zote, na sasa nina mchanga na ndago tu. Fundi bustani mmoja anasema ardhi yangu haina rutuba, nimwage tripu tatu za udongo mwekundu juu halafu urea. Mwingine anasema ni chumvi ya maji ya kisima. Nianzie wapi, na ni nyasi gani zinakubali huku kwetu?"

Marahaba dada. Nianze na lililo jepesi: sidhani kama kikuyu yako imeuawa na chumvi au kukosa rutuba. Imekufa kwa ugeni. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kule kuanzia kama mita 1,900 kwenda juu, ambako mtu analala na mablanketi mawili. Wewe umeileta mahali ambapo unalala dirisha wazi na feni juu. Mwezi wa pili na wa tatu ilikudanganya kwa sababu mvua ilikuwa inaificha, na mvua ya Mtwara inaficha mengi.

Lakini nikuambie na la pili, maana hili ndilo litakalokugharimu. Hata ungepanda nyasi za hapahapa pwani, kwa eneo lile ungefika Agosti na njano ileile. Kwetu kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua. Zinaanza Novemba au Desemba, zinaisha Aprili, ukibahatika Mei. Katikati, mwishoni mwa Januari au Februari, mara nyingi hukata wiki moja au mbili. Baada ya hapo ni kusi na jua mpaka Novemba nyingine. Wenzetu wa Tanga na Dar wana vuli ya kuwapoza, sisi hatuna. Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za nyasi Mtwara au Lindi, kabla sijauliza udongo, namuuliza: Agosti utakuwa na maji kiasi gani?

Tupige hesabu pamoja. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nyasi za pwani zinazotakiwa kubaki kijani kiangazi zinataka kama milimita 25 kwa wiki. Eneo lako ni mita za mraba 400, maana yake lita 10,000 kila wiki, yaani ndoo 500 za lita 20. Toka Juni mpaka Novemba katikati ni wiki kama 24. Hapo unazungumzia lita 240,000 za kunywesha majani, kwenye mtaa ambao kuna watu wanaamka saa kumi alfajiri kungoja bomba litoe. Sikulaumu, maana wengi huchora bustani Januari, kila kitu kikiwa kibichi, wakasahau kwamba mwaka una miezi mingine.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni upunguze. Panda mita za mraba 100 tu, pale mbele ya baraza unapokaa jioni, na sehemu iliyobaki iache mchanga wa kufagia kama ilivyokuwa kwa bibi zetu. Uwanja wa mchanga uliofagiwa alfajiri, ukaonyesha mistari ya ufagio wa chelewa, ni bustani kamili ya pwani. Hauna nyoka wala hautaki maji, na watoto wanacheza gololi. Sijui nani alitufundisha kuuonea haya.

Sasa udongo. Kabla hujampa mtu hela, chukua jembe uchimbe shimo la kina cha dhiraa moja, sehemu tatu tofauti za hapo unapotaka kupanda. Angalia kwanza kama kuna kifusi. Nyumba nyingi mpya, mafundi wakimaliza huzika mabaki ya saruji, vipande vya tofali na mifuko, wakafukia juu kwa mchanga safi. Nyasi hapo huota duara duara, na mwenye nyumba anasema ni ugonjwa. Kama hakuna kifusi, lowesha kiganja kimoja cha udongo, ufumbate, halafu fungua mkono. Ukimeguka papo hapo ni mchanga mtupu, haushiki maji. Ukikaa kama kitumbua, una mfinyanzi kiasi, shukuru.

Halafu kamua ndimu juu ya udongo mkavu, uinamie usikilize. Ukichemka na kutoa povu dogo, huo una chokaa ya matumbawe. Hali hiyo ni ya kawaida kwa viwanja vya karibu na bahari, vya Shangani au Mikindani, ambako ukichimba kidogo jembe linagonga mwamba. Huko nyasi hugeuka njano majani machanga huku mishipa ikibaki kijani, kwa kukosa madini ya chuma, na mtu akiongeza chokaa ndiyo anaimalizia. Kwako sitegemei povu. Kwako nategemea kinyume chake, na sababu ni ile mikorosho. Mkulima aliyekuwa hapo pengine alipuliza salfa ya unga kila mwaka dhidi ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na salfa inayoanguka chini, ikikaa, hufanya udongo kuwa mchachu. Mchanga wetu wenyewe hauna nguvu ya kuhimili uchachu huo. Nyasi kwenye udongo mchachu hula mbolea bila kunenepa.

Kwa hiyo pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa udongo. Naliendele wapo watafiti wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, waliozoea udongo wa mikorosho kuliko mtu yeyote nchini, na si mbali na kwako, nenda na sampuli yako uwaulize. Ikiwa chini ya 5.5, tia chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa zile mita 100, uichanganye na udongo mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda. Ile chokaa ya kupaka ukuta acha kwa mafundi rangi.

Tripu tatu za udongo mwekundu usinunue. Udongo mwekundu mwingi unaouzwa Mtwara unatoka huku kwenye miinuko na wenyewe ni mchanga vilevile, tofauti ni rangi tu. Na ukipata wenye mfinyanzi kweli, ukiumwaga juu ya mchanga bila kuchanganya, unatengeneza sakafu: maji yanasimama juu, chini kunabaki kukavu, mizizi inakataa kushuka. Mbaya zaidi huja na ndago za watu wengine. Hela hiyo nunua samadi ya ng'ombe iliyooza mwaka mzima, ile nyeusi isiyo na harufu, ambayo ukiiminya haikuachii joto mkononi. Unene wa sentimita tatu juu ya eneo lote, ukatiwe jembe mpaka sentimita 15 chini. Kwa mita 100 hiyo ni kama mita tatu za ujazo. Maganda ya karanga yaliyooza nayo ni mazuri. Makumbi ya nazi yaliyopondwa yanashika maji ajabu, lakini uliza yametoka wapi: yale yaliyoloweshwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba yamebeba chumvi, yaoshe na mvua msimu mmoja kwanza. Maganda ya korosho ya kiwandani usiyatie kabisa, yana yale mafuta yanayounguza vidole, na mche mchanga nao una ngozi.

Kuhusu chumvi ya kisima, fundi wako wa pili anaweza kuwa na hoja, ila asibahatishe. Kuna vipimo vidogo kama kalamu vinavyochovywa majini vikasoma chumvi. Chini ya miligramu 450 kwa lita, mwagilia bila wasiwasi. Kati ya hapo na 2,000, unaweza, kwa nyasi zinazostahimili na kwa kumwagilia maji mengi kwa mara chache ili yasukume chumvi chini. Zaidi ya 2,000, labda paspalamu, nyasi za ufukweni nitakazozitaja hapo chini. Kama huna kipimo, tazama ncha za majani: zikikauka kahawia kwa nje tu, na udongo ukiwa na ukungu mweupe asubuhi, ni chumvi. Ukiwa na mchanga, angalau mvua za msimu huishusha chini.

Nyasi zenyewe sasa. Kwa jua kali na maji ya mashaka, hakuna anayeupita ukoka, huuhuu unaouona kando ya njia ukikanyagwa na mbuzi. Wataalamu wameuboresha kukawa na aina nyembamba za viwanja vya mpira, lakini hata wa kienyeji ukikatwa vizuri unalala kama zulia. Kasoro yake ni kivuli. Usipopata jua kwa muda wa saa sita kila siku unarefuka, unakonda, unaondoka. Paspalamu ni wa watu wa ufukweni, ana jani laini la kung'aa na chumvi kwake ni kama kawaida, lakini anataka maji zaidi ya ukoka. Chini ya mwembe panda nyasi za Pemba, zile zenye jani pana kama kidole, zinazotambaa kwa kamba nene. Zinavumilia kivuli, ila si za kuchezea mpira. Na chini ya mkorosho, kama umeacha mmoja, usipande kitu. Fagia.

Wewe ningekupa ukoka kwa mita 80, na kipande cha nyasi za Pemba pale penye mti, kama upo.

Ndago ndiyo kazi, na hapa kiangazi chetu kirefu kinageuka kuwa rafiki. Ndago ukiing'oa jani, chini kunabaki kiazi, na kiazi kimoja kimefungwa kwa uzi na kingine, na kingine tena. Lakini viazi hivyo vinakufa vikikauka. Basi mwezi wa nane na wa tisa, wakati kila mtu anasubiri mvua, wewe lima eneo lako mpaka kina cha jembe, geuza, acha jua lipige. Baada ya wiki mbili geuza tena, kusanya viazi vinavyoonekana uchome. Fanya hivyo mara tatu. Oktoba tia samadi. Mvua za kwanza za Novemba zitaotesha ndago zilizobaki. Usikimbilie kupanda! Ziache zifike majani matano au sita, halafu piga glaifoseti, dawa ya kuua magugu, siku isiyo na upepo, subiri, rudia kwa zitakazochomoza. Ukipanda ukoka juu ya ndago hai, utang'oa ndago mpaka mjukuu wako aanze shule. Tahadhari moja ya kazi: Oktoba na Novemba vibarua wote wako kwenye korosho. Ongea nao Agosti.

Panda Desemba, mvua ikishakaa siku kadhaa, si ile ya kwanza. Huhitaji mbegu ya dukani wala mabonge ya kulaza. Chukua kamba za ukoka kutoka kwa mtu mwenye bustani safi, uzikate pingili zenye vifundo vitatu au vinne. Chora mifereji yenye nafasi ya sentimita 20, laza pingili kila sentimita 15, fukia theluthi mbili, acha ncha nje, halafu kanyaga kwa kisigino ili udongo ushike. Kwa mita 100 utahitaji zaidi ya pingili 3,000, kwa hiyo alika watoto wa mtaani na uwapikie. Zisikae juani hata dakika 20 kabla ya kupandwa, zifunike na kiroba kilicholowa. Ule mkato wa mvua wa Januari au Februari ukija, hapo ndipo unafungua bomba: kidogo kidogo asubuhi na jioni, udongo usikauke. Ukienda hivyo, baada ya miezi miwili au mitatu zimefunga.

Na mwambie anayefagia. Nimeona bustani ya mtu Lindi imepandwa Jumamosi, na kufikia Jumatano hakuna pingili hata moja. Wakamsingizia kuku. Nikaamka mapema nikamwona binti wa kazi, mchapakazi kweli, anafagia uwanja wote kwa chelewa kama alivyofundishwa kwao, pingili zinaruka mbele ya ufagio. Hakuna aliyemwambia kwamba yale majani makavumakavu yaliyochomoza ni mali.

Urea. Hapa nina kovu. Miaka mingi nyuma nilikuwa natunza nyasi za nyumba ya wageni, nikaambiwa kuna mgeni mkubwa anakuja baada ya siku kumi, bustani iwake. Nikatupa urea kwa mkono, mchana, bila kumwagilia, nikaenda kula. Siku ya tatu nyasi zilikuwa zimeungua kwa mikunjo, nusu duara nusu duara, kila mahali mkono wangu uliporusha, ungeweza kuhesabu nilirusha mara ngapi. Mgeni alizipiga picha. Kwa mita 100 urea inayotosha ni nusu kilo. Ichanganye na mchanga mkavu ndoo moja ili isambae sawa, rusha nyasi zikiwa kavu, mwagilia saa hiyohiyo. Mchanga wetu hauna ghala, ukiweka nyingi inashuka na maji. Kwa hiyo rudia kila wiki nne mpaka sita wakati wa mvua, na kuanzia Juni acha kabisa. Ukitumia mbolea ya CAN badala ya urea, iwe kilo moja.

Kukata ni jambo fupi: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa siku moja. Ukoka wako ukifika sentimita sita, shusha hadi nne. Wenye fyekeo wetu wanapenda kunyoa mpaka ngozi, eti ichelewe kurudi, na kweli inachelewa, kwa kuwa umeikata mdomo. Noa chuma, jani lililochanwa huwa na ncha nyeupe. Yaliyokatwa yakiwa mafupi yaache palepale. Mei mwishoni pandisha urefu kidogo, mizizi nayo ishuke kabla ya ukame.

Habari za wadudu sitazirefusha. Baada ya mvua za kwanza angalia viwavijeshi, wanapenda ukoka kuliko wali. Ukiona kunguru na ndege weupe wamejaa bustanini asubuhi, usifurahie, piga magoti upekue majani. Mchwa wa kiangazi wanakula majani makavu zaidi kuliko yaliyo hai.

Sasa turudi Agosti. Kama una maji, mita 100 ni lita 2,500 kwa wiki. Kwa mchanga zigawe mara mbili au tatu, alfajiri. Jaza ndoo ya lita 20 kwa mpira wako, upime muda. Ikijaa kwa dakika moja, basi milimita 10 kwa eneo lote ni dakika 50. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga usiyategemee kila siku, yana chumvi yake. Na kama huna maji, acha ukoka ulale. Utakuwa kahawia, jirani atakupa pole. Mwagilia lita 1,000 tu kila wiki mbili au tatu, zuia gari lisipite juu yake, basi. Ukipata mashaka kama umelala au umekufa, vuta kamba moja, ikwangue kwa ukucha kwenye kifundo. Ndani kukiwa kweupe kwenye unyevu, mvua ya Novemba itakujibu ndani ya siku kumi. Kukiwa kahawia na kunavunjika kama kiberiti, hapo pameondoka, pandikiza upya.

Yule fundi wa udongo mwekundu usimfukuze, anaweza kuwa na mkono mzuri wa kupanda. Mpe kazi ya jembe la Agosti, umlipe kwa siku, na kabla ya kumpa ya Desemba mwambie akupeleke kwenye bustani moja aliyoipanda ambayo imeshapita Oktoba mbili. Nenda naye mwenyewe, mwezi wa kumi, si Machi.